Ukumbi wa barafu wa Wenatchee: jengo zuri, karatasi mbovu

Kisa hiki nimekichagua kwa ajili ya wale wanaokaa kwenye vikao ambako mtu husimama, akafungua kompyuta, akasema: "Jengo hili litajilipa lenyewe." Ni kisa cha kweli na kumbukumbu zake ni za umma. Majina ya watu na ya kampuni nimeyaondoa, nikabakiza vyeo tu: meya, kampuni ya ujenzi, benki iliyouza hati fungani (karatasi za deni ambazo mwekezaji hununua ili baadaye arudishiwe fedha zake na riba), mshauri. Jina la mji nimeshindwa kulificha. Hukumu ya mahakama inalibeba, na msomaji yeyote anayefuatilia madeni ya serikali za mitaa angelitambua ndani ya aya mbili.

Mji na watu wake

Wenatchee uko jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, upande wa mashariki wa milima ya Cascade, pale mto Wenatchee unapoingia kwenye mto mkubwa wa Columbia. Sensa ya 2010 ilihesabu watu 31,925. Wenyeji huuita mji wao makao makuu ya matufaha duniani, na ukipita bondeni mwao huoni ajabu: mashamba ya matufaha yamepanda hadi miguuni mwa vilima. Ukivuka mto unaingia kaunti nyingine, kwenye mji pacha wa East Wenatchee. Kaunti hizo mbili, Chelan na Douglas, kwa pamoja zilikuwa na watu takriban 110,000.

Jambo lingine la kulishika mapema ni umeme. Columbia imejaa mabwawa. Lile la Rock Island, la kwanza kuukinga mto huo kutoka ukingo hadi ukingo, lilikamilika mwaka 1933 na haliko mbali na mji. Umeme wa eneo hilo ni wa bei ya chini mno ukilinganisha na sehemu nyingine za Marekani. Kwa mji unaotaka jengo ambalo kazi yake ni kugandisha maji mchana na usiku, huo ni mtaji.

Kwa hiyo tusianze kwa kuwacheka. Wazo la kujenga ukumbi wa hoki ya barafu lilikuwa na miguu: baridi ipo, vijana wapo, umeme rahisi upo, na hakukuwa na ukumbi mkubwa wa matamasha karibu.

Barafu inavyokula pesa

Wengi wetu tumeiona hoki ya barafu kwenye televisheni tu, au kupitia habari za Ice Lions, timu ya Nairobi, ambao waliufanya uwanja mdogo wa hotelini kuwa shule yao hadi Kenya ikapokewa kama mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia mwaka 2024. Basi nieleze kidogo jengo lenyewe, maana bila hilo hesabu zake hazieleweki.

Chini ya barafu kuna sakafu ya zege, na ndani ya zege kuna kilomita kadhaa za mabomba yanayopitisha kimiminika kisichoganda kirahisi: maji ya chumvi, au glaikoli. Mitambo ya jokofu inakipooza, nacho kinaipooza zege hadi nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Halafu maji hupulizwa juu yake kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka. Tabaka za mwanzo hupakwa rangi nyeupe, mistari ikachorwa, maji yakaendelea kupulizwa hadi barafu ifikie unene wa sentimita tatu hivi. Basi, ndiyo hiyo hiyo. Watu hudhani ni kina kirefu.

Mechi ina vipindi vitatu vya dakika ishirini. Kila kipindi kikiisha barafu imechimbika kwa vyuma vya viatu, inaonekana kama meza ya bucha. Hapo inaingia ile mashine ambayo dunia nzima huiita kwa jina la aliyeibuni huko California mwaka 1949, Zamboni. Inakwangua juu, inafyonza unga wa barafu, kisha nyuma yake inaacha utando wa maji ya moto. Naam, ya moto. Maji ya moto huyeyusha kidogo barafu ya chini na kushikana nayo vizuri, yakiganda yanatoa uso laini kama kioo. Watoto huipenda mashine hiyo kuliko mechi.

Sasa ingia kwenye hesabu. Timu ya ligi ya vijana inacheza nyumbani mechi kama thelathini kwa msimu. Mitambo ya baridi haijui siku ya mechi na siku isiyo ya mechi; barafu lazima ikae. Ndiyo maana kumbi za aina hii huitwa za matumizi mengi: usiku wa tamasha barafu hufunikwa kwa mbao za kuzuia baridi, jukwaa likawekwa juu, kesho yake mbao zikaondolewa. Kila zamu ya kufunika na kufunua ni mishahara. Mechi thelathini hazilipi jengo. Zinazotakiwa kulilipa ni zile siku nyingine mia tatu na ushee, na hizo ndizo ambazo mtu anayeandika makadirio anaweza kuzijaza anavyopenda, kwa sababu hakuna bado aliyenunua tiketi.

Mfuatano wa mambo, 2006 hadi 2008

Sheria ya Washington inaruhusu miji na kaunti kuungana na kuunda chombo cha umma chenye kazi ya kumiliki ukumbi wa aina hii. Mwaka 2006 miji saba na kaunti mbili za eneo hilo ziliunda chombo chao. Hapa nitakiita Mamlaka ya Ukumbi, kwa ufupi Mamlaka. Mji mkubwa kati ya wanachama ulikuwa Wenatchee, na ndio uliobeba mradi mgongoni tangu mwanzo.

Mpango ulikuwa hivi: kampuni ya ujenzi ijenge kwa fedha za kukopa yenyewe, na jengo likikamilika Mamlaka ilinunue kwa fedha za hati fungani za muda mrefu. Ukiusikia hivyo unapendeza. Mji hautoi fedha wakati wa ujenzi, mkandarasi ndiye anayebeba hatari ya kuchelewa, na mnunuzi anapokea funguo za jengo zima.

Lakini mpango huo ulikuwa na siku moja ambayo kila kitu kiliutegemea, siku ya kununua. Siku hiyo ikaangukia majira mabaya kuliko yote katika miaka sabini. Benki ya Lehman Brothers ilianguka tarehe 15 Septemba 2008. Ukumbi ukafunguliwa Oktoba 2008, na viti vyake takriban 4,300 vya hoki, pamoja na uwanja wa pili wa barafu kwa ajili ya wananchi na watoto wanaojifunza. Timu mpya ya vijana iliyoitwa Wild ikaanza kucheza humo katika NAHL, ligi ya hoki ya vijana ya Marekani. Taa zinawaka, barafu inang'aa, na mkandarasi anasubiri kulipwa.

Soko la hati fungani za muda mrefu lilikuwa limefunga milango kwa wakopaji wa aina hii. Mamlaka ikachukua njia ya pembeni. Desemba 2008 iliuza hati za muda mfupi, za miaka mitatu, zenye thamani ya dola milioni 41.77, kwa ahadi kwamba kabla hazijaiva, yaani kabla ya siku ya kulipwa kufika, zitabadilishwa kwa hati za muda mrefu. Ili wanunuzi wazikubali, mji wa Wenatchee ulitia sahihi mkataba wa kuikopesha Mamlaka pindi mapato ya ukumbi yakipungua.

Gawanya dola milioni 41.77 kwa watu 31,925. Ni takriban dola 1,300 kwa kila mkazi, pamoja na mtoto aliye mgongoni mwa mama yake.

Kwa nini waliamua hivyo

Nimejaribu kukaa kwenye viti vyao. Desemba 2008 walikuwa na njia tatu hivi. Ya kwanza, kukataa kununua na kumwachia mkandarasi jengo lake. Hapo kuna kesi, na kuna hatari ya jengo jipya kufungwa miezi michache baada ya wimbo wa taifa kuimbwa ndani yake. Ya pili, kwenda kwa wapiga kura kuomba kibali cha kukopa zaidi ya kiwango cha kawaida. Katiba ya jimbo inauwekea mji dari: deni lisizidi asilimia 1.5 ya thamani ya mali zinazotozwa kodi, isipokuwa theluthi… hapana, tatu kwa tano ya wapiga kura wakubali. (Nimeacha kosa langu makusudi, asilimia 60 ni kizingiti kirefu kuliko tunavyokizoea, na ndicho kilichowaogopesha wengi.) Ya tatu, kununua muda kwa hati za miaka mitatu.

Walichagua ya tatu. Kwa mtu aliye ndani ya tukio ni uamuzi unaoeleweka: dhoruba itapita, riba zitashuka, ukumbi utakuwa umeshaonyesha mapato, na mwaka 2011 tutakopa kwa heshima. Waliokopa hivyo mwaka ule ni wengi, na wengi wao walipona.

Tatizo ni kwamba njia hiyo ilisimama juu ya nguzo mbili. Moja ni makadirio ya mapato. Nyingine ni mkataba wa mji wa kukopesha. Zote mbili zilikuwa na ufa, na ufa huo ulijulikana na baadhi ya watu waliokuwa mezani.

Ufa wa kwanza: namba zilizopandishwa

Hapa nawaomba msome polepole, maana ndipo kisa kinapotoka kwenye bahati mbaya na kuingia kwenye kosa.

Kabla ya hati kuuzwa, mshauri huru aliyapitia makadirio ya ukumbi. Siyo mara moja, mara mbili. Zote mbili alitilia shaka uwezo wa ukumbi kujiendesha. Makadirio yenyewe yalirekebishwa, na yakapanda. Kwa mujibu wa SEC, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji, wakati mmoja yalipandishwa kwa sababu meya alisisitiza kwamba moyo na matumaini ya wananchi juu ya mji wao utageuka kuwa faida.

Simcheki meya huyo. Nimekaa kwenye vikao vya bajeti, nimewahi kusikia "hamasa ya wananchi" ikiingizwa kwenye jedwali kama bidhaa. Na hamasa ipo kweli. Timu ya Wild ilipendwa tangu msimu wa kwanza. Ila katika jedwali kila mstari wa mapato lazima ujibu swali moja: nani atatoa hela, mlango gani, siku gani? Mstari wa hamasa haujibu. Ukiuweka, umeweka namba isiyo na mtu nyuma yake.

Halafu ukaandikwa waraka wa matarajio, ule ambao wanunuzi wa hati huutegemea. Waraka ukasema kwamba hapajafanyika mapitio huru ya makadirio hayo. Tazama sentensi hiyo ilivyo. Haijisifu. Inasikika kama tahadhari ya mtu mwaminifu: jamani, namba hizi hazijakaguliwa, jiangalieni. Mnunuzi anaisoma, anasema sawa, ni mradi mpya, tutaona. Kumbe zilikaguliwa, na mkaguzi akatikisa kichwa. Sentensi ya unyenyekevu ikawa ndiyo iliyoficha habari mbaya. Katika nyaraka zote za kisa hiki, hiyo ndiyo ningeibandika ukutani kwa ajili ya waandishi wa nyaraka za fedha.

Ufa wa pili: mdhamini asiye na nafasi

Ufa wa pili ulikuwa wa kisheria. Mji uliahidi kuikopesha Mamlaka pindi ikikwama. Lakini mji wenyewe ulikuwa na dari ya deni, na nafasi iliyobaki chini ya dari hiyo ilikuwa ndogo kuliko kinachohitajika kusimama nyuma ya hati za muda mrefu. Waraka wa matarajio haukulieleza hilo kwa wanunuzi. Kwa hiyo mnunuzi alikuwa akiangalia mkataba wa mji na kuuona kama ukuta, na nyuma ya ukuta hapakuwa na nyumba.

Waliojenga mpango waliona kwamba mkataba wa kukopesha si deni. Ni ahadi ya masharti: labda italazimika, labda haitalazimika, na hata ikilazimika, mji unatoa mkopo, haudaiwi. Ni hoja ya wanasheria na ina mantiki yake kwenye karatasi.

Ajabu ni kwamba jimbo hilo hilo lilikuwa limeshaumwa na nyoka wa aina hii. Mwaka 1983 chombo cha umma cha umeme cha Washington kilishindwa kulipa hati za dola bilioni 2.25 za vinu viwili vya nyuklia ambavyo havikukamilika, na wakati huo hilo lilikuwa anguko kubwa kuliko yote ya hati za serikali za mitaa nchini Marekani. Kilichoangusha mnara ule kilikuwa uamuzi wa Mahakama ya Juu ya jimbo kwamba mashirika ya umeme ya miji na wilaya hayakuwa na mamlaka ya kuahidi kulipa iwe umeme umepatikana au haukupatikana. Ahadi ya chombo kimoja cha umma kubeba mzigo wa kingine: mahakama ya Washington ilikuwa inaijua sura hiyo kwa robo karne.

Deni linaiva

Mapato ya ukumbi hayakufika pale jedwali lilipoyaweka. Sitaki kulipitisha hili kwa undani, kwa sababu hakuna la kushangaza: uchumi ulianguka, watu walipunguza matembezi, na ukumbi mpya huchukua miaka kujua ni matamasha gani yatajaa na yapi yatabaki na viti vitupu.

Mwaka 2011 Mamlaka ilitaka kutoa hati za muda mrefu kama ilivyoahidi, mji ukiwa nyuma yake kwa mkataba wa kukopesha. Hapo mji ukafanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa la busara kuliko yote katika kisa kizima, ingawa lilikuja kwa kuchelewa: ulikwenda mahakamani wenyewe kuuliza. Sheria ya jimbo inaruhusu hivyo, kuomba tamko la mahakama juu ya uhalali wa deni kabla ya kuuza hati. Swali lilikuwa moja: mkataba huu ni deni la mji au si deni?

Ni deni, na unavuka dari. Ndivyo mahakama ya chini ilivyoona, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya jimbo ikakubaliana nayo. Kipimo chake kilikuwa rahisi kuliko kurasa zote za mikataba: nani anabeba hatari ya hasara? Kama ukumbi ukikosa wateja ni mji unaolazimika kutoa hela, basi mji ndio mdaiwa, uuite mkataba jina lolote.

Tarehe 1 Desemba 2011 hati zikaiva. Mamlaka haikuwa na dola milioni 41.77. Ikashindwa kulipa.

Bunge la jimbo liliombwa msaada na halikukubali kubeba deni hilo. Hofu yao ilikuwa ya haki: ukiuokoa mji mmoja, kesho ipo foleni. Lakini hofu ya upande wa pili pia ilikuwa ya haki, kwamba kushindwa kulipa kwa mji mmoja kungepandisha riba kwa miji mingine ya Washington. Mwishowe jimbo halikutoa fedha. Lilitoa ruhusa ya kujitoza kodi.

Aprili 2012 wapiga kura wa eneo la Mamlaka walikubali nyongeza ya asilimia 0.1 kwenye kodi ya mauzo, na baraza la mji wa Wenatchee likaongeza asilimia 0.2 yake. Ukinunua jaketi la dola 100 mjini wakati huo, senti 30 zilikwenda kwenye ukumbi wa barafu. Wakati huo Washington haikuwa na kodi ya mapato ya mtu binafsi, na vyakula vya kupika nyumbani havikutozwa kodi ya mauzo, kwa hiyo mzigo ulikaa kwenye bidhaa nyingine na kwa wageni wanaopita. Septemba 2012 hati mpya zikauzwa juu ya kodi hiyo, na wenye hati za zamani wakalipwa.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Safari hii waliolipa matanga hawakuwa wamealikwa harusini.

Nani aliadhibiwa

Novemba 2013 SEC ilitangaza adhabu. Benki iliyouza hati ilitozwa dola 300,000, na mwanabenki aliyeongoza kazi hiyo dola 25,000. Rais wa kampuni ya ujenzi alitozwa dola 10,000. Mamlaka yenyewe ilitozwa dola 20,000.

Dola 20,000 ni bei ya gari lililotumika. Hata hivyo ndiyo adhabu iliyoandikwa kwenye vitabu, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza SEC kukitoza faini chombo cha serikali za mitaa kilichouza hati. Kabla ya hapo tume ilikuwa ikisita, kwa hoja kwamba ukimtoza faini mji umemtoza mlipa kodi ambaye hakukosa. Safari hii walisema faini ilipwe kutoka kwenye mapato ya uendeshaji wa ukumbi, siyo kodi. Sijui kama mwananchi aliyekuwa akinunua tiketi na kulipa senti 30 dukani aliona tofauti.

Uchambuzi: kilichosimama na kilichoanguka

Jengo lilisimama. Hilo lisemwe kwanza, kwa kuwa wengi wakisimulia kisa hiki husema "ukumbi ulifeli". Barafu iliganda, timu ilicheza, watoto walijifunza kuteleza kwenye uwanja wa pili. Hata umoja wa miji na kaunti ulithibitika kuwa na maana: mwaka 2012, kodi ndogo iliyosambazwa juu ya eneo zima ilikuwa rahisi kuimeza kuliko kodi kubwa ya mji mmoja.

Kilichoanguka ni mambo ya karatasi, na yalishikana. Jengo la kuishi miaka arobaini lilinunuliwa kwa fedha za miaka mitatu. Hiyo peke yake ingevumilika kama kungekuwa na mdhamini wa kweli. Mdhamini alikuwa amefika ukingoni mwa dari yake. Hiyo nayo ingevumilika kama mapato yangekuwa yameandikwa kwa woga. Mapato yaliandikwa kwa hamasa. Ukiondoa kosa lolote moja kati ya hayo, nadhani mji ungepita Desemba 2011 ukiwa unatokwa jasho tu.

Wapo wanaosema mkosaji ni mtikisiko wa 2008. Siwapingi kabisa. Bila Lehman, hati za muda mrefu huenda zingeuzwa siku ile ile ya kununua jengo, na sisi tusingekuwa na kisa. Lakini dari ya deni ilikuwepo kabla ya Lehman. Kama hati za muda mrefu zingeuzwa mwaka 2008 kwa mkataba ule ule wa kukopesha, swali la mahakama lingebaki palepale, likisubiri mlipa kodi mmoja mwenye hasira na wakili. Dhoruba iliwahisha siku ya kuulizwa.

Kuna jambo la mshauri pia. Mtaalamu aliyelipwa kuangalia namba akasema zina mashaka. Akaitwa tena, akasema tena. Mahali pa ripoti yake palikuwa mbele ya wanunuzi. Ikaishia mezani mwa waliomwajiri. Katika kazi zetu tumezoea kumlaumu mshauri kwa kuandika anachotaka bosi. Huyu hakuandika, na bado haikusaidia, kwa sababu hakuna aliyekuwa na wajibu wa kumsikiliza hadi mwisho.

Na kura. Katika miaka ya 2006 hadi 2008 mji haukwenda kwa wananchi kuomba kibali cha kuvuka dari, na kizingiti cha tatu kwa tano ni sababu inayoeleweka. Miaka minne baadaye wananchi wale wale, wakiombwa, wakakubali kujitoza kodi. Kura waliyoikwepa ndiyo iliyokuja kuwaokoa. Nakiri kura ya 2012 ilipigwa nyumba ikiwa tayari inaungua, na huwezi kudai kwamba mwaka 2007 matokeo yangekuwa hayo hayo. Ila kama mwaka 2007 wangekataa, hilo nalo lingekuwa jibu, na lingegharimu karatasi za kura tu.

Baada ya hapo

Ukumbi haukufungwa. Mwaka 2013 timu ya Wild ya NAHL ilihamishiwa Texas, lakini klabu nyingine ya ligi hiyo ikaja kutoka Fresno, ikachukua jina lile lile na kuendelea kucheza. Mwaka 2015 Wild ikahamia ligi ya vijana ya British Columbia, jimbo la Kanada, ikiwa timu pekee ya Marekani miongoni mwa za Kanada, na mwaka 2018 ikatwaa ubingwa wake.

Mwaka 2023 wenye Wild walinunua timu ya Winnipeg Ice ya WHL, moja ya ligi tatu za juu za vijana Kanada, wakaileta Wenatchee. Winnipeg ni jiji la watu zaidi ya 700,000, na timu hiyo ilikuwa ikicheza kwenye ukumbi wa chuo kikuu usiofika viti 2,000, ikisubiri ukumbi mkubwa ulioahidiwa na haukujengwa. Ikahamia mji ambao sensa ya 2020 iliukuta na watu 35,508, kwa sababu mji huo ulikuwa na jengo.